Mwiko wa Mama Shanice

Pauline, jirani yangu hapa Mwatate, akiponda kimanga, chakula chetu cha mihogo na maharagwe, sufuria hulia. Jumamosi ile alikuwa analia yeye.

Binti yake Shanice alikuwa ameposwa. Wakwe walikuwa wanakuja kuongea mahari. Lakini baba yake, Vincent, alikuwa hajaonekana tangu mvua za mwaka jana, na simu yake imezimwa. Polisi walishaambiwa.

"Bila baba siketi mbele ya wageni," Shanice alisema. "Heri nisiolewe."

Basi nikampeleka Pauline Voi, kwa Mwanamina, mpelelezi wa kibinafsi.

"Kwanza tuone leseni," nikasema hata kabla ya kuketi. Uzee una faida. Ukikosa adabu, watu wanasema ni umri.

Mwanamina akacheka, akatoa leseni na kitambulisho. "Umefanya vyema, bibi. Mpelelezi anayeficha leseni, mkimbieni."

Kazi na malipo wakayaandika, kila mtu akatia sahihi. Kisha akauliza, "Mumeo aliondokaje?"

"Kwa amani," Pauline akajibu. "Alienda Mombasa kutafuta kazi bandarini."

Mimi nikakohoa. Kati ya nyumba zetu kuna bati tu. Siku Vincent alipoondoka nilisikia yote, na wala sikuwa nasikiliza.

"Na uingie kwa simu yake usome meseji," Pauline akaongeza.

"La, dada. Sheria hairuhusu. Leseni si ruhusa ya kuvunja sheria."

Mwanamina akazunguka Mombasa, akarudi mikono mitupu. Siku ya wakwe nayo ilikuwa imekaribia. Akatuita tena.

"Mama Shanice," alisema polepole, "sikukuita nikuhukumu. Siri yako nitaitunza. Lakini ukinionyesha njia ya uongo, nitaifuata kwa bidii mpaka mahali pasipo na mtu."

Pauline akainama.

"Aliachishwa kazi ya mkonge, nikawa namsimanga kila siku. Mwisho nikamfukuza na mwiko wa kimanga. Nikamwambia, 'Nenda kwa mjomba wako Mboghoni, ukapikiwe ndizi!'"

"Mboghoni?" Mwanamina akainua kichwa.

"Ilikuwa hasira tu!"

"Basi huenda ndiyo mara ya kwanza Vincent kumtii mkewe," nikasema.

Pauline akasimama. "Naenda kumchukua sasa hivi!"

"Keti, dada. Yeye ni mtu mzima. Nikimpata, nitamuuliza kama anataka mjue alipo. Akikataa, nitakuambia kwamba yu hai, basi."

Pauline akaketi. "Mwambie nimekosa. Mwambie Shanice anamngoja."

Mwanamina alimkuta Vincent akimwagilia ndizi za mjomba wake. Akamweleza yote, bila kumsukuma. Jioni simu ya Pauline ikalia.

"Mama Shanice," Vincent akasema. "Huo mwiko bado uko?"

"Nimeshampa jirani!"

Alikuwa hajanipa kitu. Simu ilipokatika tu, alinijia mbio na mwiko, bado una kimanga.

Wakwe walipofika, Vincent aliketi mbele, na Shanice ubavuni mwake. Koti lilikuwa la kuazima, lakini cheko lilikuwa lake.

Mwiko ninao mpaka leo. Pauline akija kuuomba apike, namuuliza kwanza, "Vincent amekubali?"