Jina Aliloliitikia Machame

Safari ile Pamela aliipanga mwenyewe, kuanzia zawadi za kupeleka hadi nguo za kubadilisha. Alikuwa mwalimu wa chekechea mjini Voi, upande wa Kenya, na mumewe Yakobo alikuwa fundi wa magari mwenye gereji karibu na stesheni. Tangu waoane hawakuwahi kutoka pamoja ila kwa msiba au harusi ya mtu. Sasa walikuwa wamealikwa Moshi, wikendi nzima, wakae kwa watu, wale, watembee mjini, warudi.

Aliyewaalika ni Hilda, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Pamela alikutana naye kwenye tamasha la kwaya Taveta, wakabadilishana namba, na urafiki ukakolea kwa simu. Walitumiana picha za mboga, za vitenge, za harusi zao. Siku ambazo Pamela alikuwa na huzuni, Hilda ndiye aliyempigia kwanza.

Yakobo hakuitaka safari. Mara gereji, mara mgongo, mara pasi ya kusafiria inakaribia kuisha muda.

"Kwani huko Tanzania kuna nini?" Pamela alimuuliza.

"Hakuna kitu. Sijawahi kufika, basi."

Lakini Pamela alinuna wiki nzima, na Ijumaa ile Yakobo akawasha gari.

Walivuka mpaka Holili mchana, wakapita Himo. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kiunoni. Hilda alikuwa amesema wakifika mjini, kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa, wampigie awaelekeze. Pamela akatoa simu. Kabla hajabonyeza, Yakobo alishakata kona, akapita nyuma ya soko, akashika barabara yenye miti pande zote mbili.

"Umejuaje?"

"Nimekisia tu."

Pamela alimtazama mikono. Jasho lilikuwa limelowesha usukani.

Hilda aliwapokea getini kwa vigelegele. Alimkumbatia Pamela, kisha akamgeukia Yakobo. "Karibu shemeji," akasema, akaushika mkono wake na kuushikilia kidogo, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Mumewe, Ezra, alimtazama mgeni mara moja tu. Hakumpa mkono. Aliondoka akaenda kukaa kando ya tanki la maji, na chakula cha jioni kililiwa bila yeye.

Katika chumba cha wageni, kando ya ukuta, palikuwa na kitanda kidogo cha mtoto. Kilikuwa kipya. Nailoni ya dukani bado ilikuwa imekizunguka, na juu ya nailoni lilikuwa vumbi.

Jumamosi asubuhi walitembea mjini. Hilda aliwapitisha sokoni, akawanywesha kahawa, akamchagulia Pamela kitenge. Yakobo alivaa kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alipomwona alisimama na mkungu mikononi, akamfuata kwa macho mpaka walipokata kona.

"Mchana tunapanda Machame," Hilda alisema. "Mama yangu ameandaa."

"Sisi tungerudi mapema," Yakobo akasema. "Gari lina shida."

"Shemeji, mama amekusubiri."

Hakusema anawasubiri. Pamela alilisikia hilo, akaliacha lipite, maana sherehe haivunjwi kwa neno moja.

Ezra ndiye aliyeendesha. Barabara ilipanda kati ya migomba na mibuni, ukungu ukishuka kuwapokea. Walipoingia kwenye kihamba cha kina Hilda, shamba la ukoo lenye nyumba katikati, Pamela aliona banda la ng'ombe lililofagiliwa vizuri, na ng'ombe mmoja aliyekonda, macho yake yakitokwa na machozi. Hapakuwa na ndama. Hapakuwa na kuku wala mbwa. Uani palikuwa kimya.

Mama Elizabeth, mama yake Hilda, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kitenge kimefungwa vizuri, mikono magotini.

"Shikamoo mama," Pamela akasema, akiinama.

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari." Sauti yake ilikuwa ya upole. Kisha akamtazama Yakobo, akamuuliza jambo kwa Kichagga.

Yakobo akajibu kwa Kichagga.

Sentensi nzima. Bila kukwama. Pamela aligeuza shingo taratibu kumtazama mume wake. Midomo ya Yakobo ilikuwa imebaki wazi, kama mtu aliyemwaga kitu na hawezi kukizoa.

Mama Elizabeth akainuka. Akaita, si kwa nguvu, kama mama anavyomwita mtoto aje kula:

"Antoni."

"Naam, mama."

Lilimtoka lenyewe. Bandani ng'ombe alilia, mlio mrefu, kisha akanyamaza. Hilda alijifunika uso kwa khanga. Ezra alivua kofia.

"Ameitika," Mama Elizabeth akasema. "Mmemsikia wote. Ameitika mwenyewe, akiwa juu ya udongo huu."

Ndipo Pamela aliposimuliwa, pale pale uani, akiwa bado amebeba zawadi alizoleta.

Zamani, kabla Pamela hajamjua, Yakobo alikuwa dereva wa malori ya vitunguu kupitia Holili. Huku alijiita Antoni. Akakaa na Gladness, dada yake Hilda, kama mume na mke. Alikula mezani pa nyumba hii na pa Hilda kule mjini, akajifunza lugha ya nyumba hii. Gladness alipofikisha siku zake, Antoni aliahidi kuja na gari kumpeleka hospitali. Uchungu ulianza asubuhi, mvua ikinyesha. Gladness akashuka mpaka barabarani kumsubiri, akakataa kupanda gari la mtu mwingine. Alisema mume wangu anakuja. Asubuhi hiyo hiyo Antoni alikuwa ameshavuka mpaka, hana mpango wa kurudi. Walimkuta Gladness chini ya mgomba, yeye na mtoto, wote wameshapoa.

"Nilivunja chungu juu ya kaburi lake," Mama Elizabeth alisema. "Nililitaja jina la Antoni. Sikujua kwamba hakuna Antoni. Laana ilitoka ikamtafuta mtu asiyekuwepo. Ilipomkosa, ikarudi kwetu. Mume wangu Efraimu akaanguka, akafa. Kila ndama anazaliwa mfu. Na huyu Hilda amezika watoto wawili."

Pamela alimtazama rafiki yake. "Ulijua?"

"Ulinitumia picha ya harusi yenu," Hilda alinong'ona. "Nilikaa nayo mwaka mzima. Nikawa nakupenda wewe, namchukia yeye. Ilibidi aitike hapa, Pamela, ili laana impate. Hapa tu."

"Mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi mbona ulinileta?"



Yakobo alikuwa amepiga magoti. Alitambaa mpaka kwenye uzio wa mimea, akachuma jani la isale, lile ambalo Wachagga humpa aliyekosewa wanapoomba msamaha, na ambalo ni nadra mtu kulikataa. Akalishika kwa mikono miwili, akamwinulia mama mzee.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa kijana. Niliogopa."

Mama Elizabeth hakulipokea.

"Isale hupokelewa na aliyekosewa. Mpelekee mwenyewe, kaburi lake liko kule migombani."

Akaingia ndani. Akarudi na bakuli la mtori, moto, mvuke ukipanda. Mtori wa ndizi na nyama, chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua.

"Na hiki mpelekee. Amekaa na njaa siku nyingi."

Yakobo alimtazama Pamela. Labda alitaka amzuie. Pamela hakumzuia. Kwa dakika ile, alikuja kukiri baadaye, alitaka mumewe aende.

Akaenda. Bakuli mkono mmoja, isale mkono mwingine. Migomba ikamfunika. Ukungu ukaifunika migomba.

Walisubiri.

Hakuna upepo uliovuma. Lakini huko ndani, jani moja la mgomba lilitikisika. Jani moja tu. Kisha wakasikia sauti ya kijiko kikigonga bakuli. Taratibu. Kama mtu anayekula akiwa mgonjwa.

Yakobo hakuwa amepewa kijiko.

Aliporudi, alitembea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alimkabidhi mama mzee bakuli. Lilikuwa tupu, limerambwa likang'aa.

"Amekula," akasema.

Isale bado alikuwa nalo. Lilikuwa limekauka, jeusi, limejikunja, kana kwamba lilichumwa mwaka uliopita. Mama Elizabeth aliliangalia, akatikisa kichwa kidogo.

"Chakula amepokea," akasema. "Msamaha amekataa."

Waliteremka Moshi, wakachukua gari lao, wakaondoka mchana ule ule. Hilda alijaribu kumshika Pamela mkono, Pamela akauvuta. Aliendesha yeye, maana Yakobo alikaa kama mzigo, macho mbele.

"Yakobo," Pamela aliita walipopita Himo. "Sema kitu. Nitukane hata."

Kimya.

Holili, ofisa wa uhamiaji alifungua pasi ya Yakobo, akaita jina lililoandikwa. Akaita tena. Akagonga meza. Yakobo alikuwa amesimama mbele yake kabisa, hakugeuza hata jicho.

"Mama, mzee hasikii?"

"Anasikia," Pamela akajibu. "Amechoka."

Alimshika bega, akamwinamia sikioni. Hakutaka kulisema. Watu walikuwa wakisukumana nyuma yao, na ofisa ameanza kukunja uso. Akalisema kwa kunong'ona, na lilimchoma ulimi.

"Antoni."

"Naam," akaitika, akageuka, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kijana. Pamela hakuwahi kuliona.

Tangu siku hiyo Yakobo hajaitikia jina lake. Wateja walimwita gerejini mpaka wakachoka, wakahamia kwa fundi mwingine. Mama yake mzazi alikuja Voi, akamwita kwa jina alilompa yeye mwenyewe, akalia, akaondoka. Kanisani waliomba juu yake, wakalitaja jina hilo kwa sauti kubwa, naye akawatazama kama watu wanaomwombea jirani. Pamela anaweza kumwita akamjia. Anajua ni neno moja tu. Hajalisema tena. Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, bila mtu kumwita mwenzake.

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, simu ya Pamela ilitoa mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa Hilda, wa kwanza tangu Machame. Ilikuwa picha ya mtoto mchanga wa kike, mzima, macho wazi. Chini yake Hilda alikuwa ameandika kwamba ng'ombe wa mama naye amezaa salama, na kwamba mtoto wao wamemwita Pamela.

Pamela aliitazama picha muda mrefu. Kisha akaifuta, akaenda uani kufua.

Alichukua shati la Yakobo alilovua asubuhi ile. Alipolikunjua akaona doa begani, jeupe, bado lina unyevu. Akalinusa. Yalikuwa maziwa yaliyoanza kuchacha, yale ambayo mtoto hucheua anapobebwa begani na kupigwapigwa mgongo baada ya kunyonya.

Nyumba yao haijawahi kupata mtoto. Pamela akamkumbuka yule wa Gladness, aliyepoa chini ya mgomba.

Alilisugua mpaka likatoka, akaanika shati. Kesho yake akachukua shati jingine, akalikunjua. Doa lilikuwepo, begani pale pale. Lilikuwa na joto.