Milembe na Fundi wa Drams

"Nyanda, nimekuja kuchukua vyombo vyangu."

Nyanda hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti uani, kampa mgongo, anasugua ngoma kubwa ya bendi kwa msasa, ile ya kupigwa kwa mguu. Vumbi la mbao lilimjaa mpaka kwenye nywele.

Milembe akatua kapu lake chini. Alikuwa ametoka Lalago juu ya lori la pamba, kiuno kinamuuma.

"Baba amekubali posa ya Malimi, yule mjane wa Mwamanyili. Ng'ombe zake zinakuja Jumatatu, na zako utarudishiwa. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Msasa ukaendelea kukwaruza.

Hicho ndicho kilichomvunja Milembe moyo, ukimya huo. Zamani Nyanda alikuwa mpiga drams wa bendi ya ushirika, na watu wa Bariadi walikuwa wakitoka mbali kuja kumtazama. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ushirika ukayumba, bendi ikafa, vyombo vikatupwa ghalani vikaliwa na panya. Nyanda aliviokota kimoja kimoja. Akawa fundi. Anabandua nailoni iliyochakaa usoni mwa ngoma na kuvalisha ngozi, anaunganisha mbao zilizoachana, anapiga vanishi, anaondoa kutu kwenye pete za chuma mpaka zinang'aa. Na kadiri kazi ilivyomnogea, ndivyo alivyoacha kumjibu mkewe. Milembe anauliza, yeye kimya. Anaita chakula, yeye kimya.

Halafu ikaja siku ile ya msimu wa pamba. Milembe alikwenda kupanga foleni kwenye mzani, akamwacha Sayi, mtoto wao wa miaka minne, kalala ndani na homa kidogo. Baba yake yuko uani. Degedege ikampanda. Jirani yao Felisita ndiye aliyemkuta, na hospitali walifika wamechelewa.

"Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka," Felisita alisema msibani. "Mimi nikajua baba yake atamwendea, si yuko palepale nje, anapiga msasa."

Watu wote walimtazama Nyanda. Hakujitetea hata kwa neno moja. Matanga yalipoisha, Milembe akafunga nguo zake akarudi kwao Lalago.

"Hata leo huna la kuniambia?" alisema sasa, na machozi yakaanza. "Mwanangu kafa anakulilia, Nyanda. Niambie basi hata kwamba unanichukia."

Kwa hasira akalipiga teke toazi lililoegemezwa ukutani. Likaangukia mawe kwa kishindo, kuku wa jirani wakatawanyika.

Nyanda hakushtuka. Bega lake halikucheza.

Milembe akasimama pale pale. Akamtazama mgongo, akalitazama toazi. Akamsogelea taratibu mpaka kivuli chake kikaanguka juu ya ngoma. Hapo ndipo Nyanda alipogeuka kwa kuruka, msasa ukamtoka mkononi.

"Milembe. Umefika saa ngapi?"

"Nimekuwa nikiongea na wewe."

Macho ya Nyanda yalikuwa mdomoni mwa Milembe.

"Nilikuwa nimezama kwenye kazi," akasema.

Milembe akajifunika mdomo kwa pindo la khanga, akasema akiwa ameuziba hivyo, "Rudia nilichosema sasa hivi."

Nyanda akalikodolea macho pindo la khanga.

"Shusha khanga, nakuomba."

Akaishusha.

"Tangu lini?"

"Yalianza bendi ikiwa hai. Masikio yalikuwa yanavuma usiku kucha. Likaziba la kulia, likafuata la kushoto. Sasa hivi nasoma midomo. Mtu akinipa mgongo, sijui kama ameongea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani angempa kiziwi drams atengeneze? Nilijua neno likitoka humu ndani, nimekwisha. Na niliona aibu, Milembe. Ulinipenda jukwaani."

"Kwa hiyo Sayi..."

"Sikumsikia. Naapa mbele ya Mungu, sikusikia kitu."

Milembe alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Miezi yote ile alikuwa amemchukia mtu aliyesikia akapuuza. Mtu huyo hakuwahi kuwepo. Kwa kitambo kidogo akapata nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akaelewa kilichobaki.

"Ningejua," akasema polepole, "ningemwacha kwa dada yako Mektilda. Ningembeba mgongoni nikaenda naye kwenye mzani. Nilimwacha kwa sababu nilijua baba yake yupo na anasikia."

"Najua."

"Hukunificha masikio tu, Nyanda. Ulinifanya nimwache mtoto peke yake bila mimi kujua."

"Ndiyo maana sikujitetea msibani. Ningesema sisikii, ungeniuliza hilo. Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina."

Hapo Marcelo akaingia uani. Marcelo alikuwa amejenga ukumbi wa dansi karibu na soko, na drams zile zilikuwa zake, alizileta zitengenezwe.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Milembe kwa Kisukuma, kisha akazunguka akikagua. "Fundi, hizi mbao zimependeza. Kama mpya."

Akaokota kijiti, akaigonga ngoma iliyokwisha kuvalishwa ngozi. Ikatoa sauti ya debe bovu. Milembe aliisikia. Nyanda alikuwa anatabasamu.

"Mbona hivi?" Marcelo akauliza, akiwa ameinamia ngoma. "Ngozi hii umeikazaje? Fundi, si nakuuliza?"

Nyanda akaendelea kutabasamu, mpaka alipouona uso wa Milembe. Tabasamu likafa. Angeweza kusingizia skrubu. Angeweza kumwambia Marcelo arudi kesho, halafu yeye amwombe mtu amsaidie kukaza kwa siri.

"Mzee Marcelo, niangalie nikuone mdomo," akasema. "Mimi sisikii. Ni kiziwi, siku nyingi. Mbao naweza, vanishi naweza. Sauti siwezi tena. Tafuta mtu mwingine wa kukaza ngozi."

Marcelo alisimama na kijiti chake mkononi. "Unasema kweli?"

"Kweli. Na waambie wengine. Sifichi tena."

Marcelo akaahidi kutuma vijana waje kuzichukua, akaondoka bila kuagiza kazi nyingine. Kabla jua halijazama, mji mzima ungejua.

Nyanda akamgeukia Milembe.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja kabla hujaondoka. Felisita alisema mtoto alilia. Sikuona alichosema baada ya hapo, aliinamisha uso. Sayi alikuwa anamwita nani?"

Milembe alijua. Felisita alimweleza yote. Angeweza kusema alimwita mama, au kwamba hakuita mtu, na Nyanda angeamini. Akamtazama mwanaume huyu aliyekonda, na kaburi dogo nyuma ya nyumba, ambalo mtu alikuwa amelizungushia mawe na kulipalilia vizuri.

Akamgeukia uso kwa uso, akasema taratibu ili neno lisimpotee.

"Alikuita wewe. Alisema, baba, njoo."

Nyanda aliyaona maneno yote. Akajikunja mpaka paji la uso likagusa ardhi, akalia kwa sauti kubwa, isiyo na mpangilio, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Milembe alimwacha alie. Naye alilia, mkono wake mgongoni kwa mumewe, na hapo ndipo msiba wa Sayi walipoulilia pamoja kwa mara ya kwanza.

Jumatatu ng'ombe za Malimi hazikuvuka kwenda Lalago. Baba yake Milembe alifoka, lakini binti alikwisha kuamua. Hakurudi kwa mumewe siku hiyo hiyo. Alikaa kwa Mektilda mpaka mvua zikaisha, kwa sababu kusamehe kulikuwa kukimjia na kumtoka. Nyanda hakumharakisha. Kazi zilimpungua nusu, akawa anatengeneza na vitanda.

Milembe aliporudi, hakuita tena kutoka jikoni. Kila alipokuwa na neno, alimfuata alipo, akamshika bega, akasubiri ageuke.