Hezron Hakubemendwa

Mwaka 1974 Hezron alilazwa hospitali mjini Tukuyu. Alikuwa na miaka miwili. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyekaa naye wodini, kwa sababu mama yake, Tupokigwe, alikuwa na mtoto mchanga wa miezi minne. Kila baada ya siku moja Tupokigwe alitoka Kyimo kwa miguu, mchanga mgongoni, kapu la ndizi zilizopikwa kichwani.

Siku ya tatu ya kwenda alimkuta Hezron amelala tu. Miguu na uso vilikuwa vimevimba. Nywele zilikuwa nyekundunyekundu.

"Hezron, mama amekuja."

Mtoto hakugeuka.

Bibi akasema kwa sauti, wodi nzima isikie, "Huyu amebemendwa. Mama yake ametembea na wanaume akiwa ananyonyesha. Mtoto ndiye anayelipa."

Wanawake wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama. Tupokigwe akatua kapu kwa hasira.

"Mama, mimi sijamjua mwanamume mwingine zaidi ya mwanao."

"Basi mtoto amevimba kwa nini?"

Nesi Mwanaamina, mwenyeji wa Ibighi, alikuwa akimpima homa mgonjwa wa pili. Akawageukia.

"Bibi, maneno hayo ulisema jana nikakaa kimya. Leo sikai kimya. Mtoto huyu ana unyafuzi. Amekosa chakula cha kujenga mwili."

Sasa Tupokigwe akamkasirikia na nesi.

"Unasema namshindisha mwanangu njaa? Tuna migomba mpaka majirani wanakuja kukata kwetu."

"Anashiba, dada. Lakini anashiba ndizi tupu. Ulimwachisha ziwa lini?"

"Nilipopata mimba ya huyu."

"Tangu hapo anakula nini?"

"Ndizi. Na uji wa mahindi."

"Maziwa je? Maharage?"

"Maziwa anakunywa baba yake. Maharage tunasema yatamuumiza tumbo."

"Na mayai?"

Tupokigwe akamtazama mama mkwe. "Mama alikataza. Alisema mtoto akila mayai atakuwa mwizi."

Bibi akajifanya anakunja shuka.

"Ndizi zinatia nguvu, lakini peke yake hazijengi mwili," nesi alisema. "Maziwa yako ndiyo yaliyokuwa yakimjenga. Yalipokatika, hakupata kingine. Chemsha maharage mpaka yalainike, menya maganda, ponda pamoja na ndizi. Mpe maziwa na yai. Dagaa ukipata, twanga umtilie. Suala la wanaume halimo hapa."

Njia nzima ya kurudi Tupokigwe hakusalimiana na mtu. Nyumbani alimkuta mumewe, Ambindwile, anakula. Kwenye sahani palikuwa na mayai mawili.

"Mama yako amewaambia watu mimi ni malaya," alisema akiwa bado amesimama. "Kumbe mwanao anakufa kwa kukosa hicho unachokula."

"Hayo ni mambo ya wazee, mke wangu."

"Aliyetukanwa ni mimi. Anayevimba ni Hezron. Wewe umevimba wapi?"

Ambindwile akasukuma sahani. Asubuhi alikwenda hospitali mwenyewe, akamsikiliza nesi mpaka mwisho. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyebeba chupa ya maziwa na maharage yaliyopondwa. Akapiga marufuku mtu mzima kugusa yai nyumbani kwake kabla watoto wanaokula hawajapata.

Kwanza uvimbe ulishuka, Hezron akabaki mifupa. Nesi aliwaambia wasiogope. Wiki ya nne alianza kudai chakula. Wiki ya sita alimnyang'anya bibi kijiko.

Siku ya kutoka, bibi alimfunga mjukuu mgongoni. "Twende, mama Hezron."

Tupokigwe hakuondoka mlangoni.

"Mama, baadhi ya waliokusikia siku ile bado wamo humu. Waambie kwanza."

Bibi akawageukia wanawake.

"Nilimsingizia mkwe wangu," alisema. "Mtoto alikosa chakula, na mayai niliyemnyima ni mimi."

Hapo ndipo Tupokigwe alipochukua mzigo, akatangulia njia ya Kyimo.