Ngazi Kumi na Nne za Mzee Rattray

Asubuhi ile Ishbel alikuwa amesimama jikoni na soksi miguuni, anasubiri birika lichemke kwa mara ya pili. Mama yake alikuwa ameshatoka tangu alfajiri kwenda kuoka mikate kule chini kijijini. Nje giza lilikuwa bado halijapasuka, maana mwezi wa kwanza kule Balnacraig jua halina haraka na mtu. Kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi saba chini ya sifuri.

Birika lilipoanza kuunguruma, Ishbel alivaa viatu, akalibeba kwa mikono miwili, akatoka nalo polepole mpaka nyumba ya jirani. Birika la kwanza alikuwa ameshalimwaga kwenye ngazi za juu. La pili akalimalizia ngazi za chini. Mvuke ulipanda, barafu ikayeyuka, mawe meusi ya ngazi yakatokea safi kama sahani iliyooshwa. Ishbel akatabasamu peke yake gizani.

Ngazi zile kumi na nne zilikuwa za Mzee Rattray. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alimwona mtu kama anavyoonekana mtu nyuma ya pazia la bafu. Ishbel ndiye aliyekuwa anamsomea barua zake. Shuleni Ishbel alikuwa mtu wa kuinua mkono nusu, kisha kuushusha kabla mwalimu hajauona, lakini kwa Mzee Rattray alisoma kwa sauti bila kusitasita. Ndiye aliyemsomea barua ya hospitali: upasuaji wa jicho la kulia, leo, saa nne na nusu. Mzee alikuwa ameingoja barua hiyo miezi kumi na minne. Na chini kabisa iliandikwa kwamba asiyefika atarudishwa mwisho wa foleni.

Gari la kumchukua lingefika saa tatu kasoro robo.

Basi Ishbel aliliacha birika tupu kando ya ngazi ya kwanza, akarudi nyumbani, akala uji wake wa shayiri, akaosha bakuli, na saa mbili na dakika kumi akatoka tena kutazama kazi yake. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Mguu haukukaa. Alijikuta amekalia makalio, birika tupu linabingirika mpaka barabarani, kang, kang, kang! Yale maji yalikuwa yameganda upya. Barafu ya mwanzo ilikuwa na mikwaruzo na theluji kidogo juu yake. Hii ya sasa ilikuwa kioo.

"Weeee! Pisha njia!"

Mairi, wa darasa lake, alikuwa anashuka kilima amekalia sinia la chai la mama yake. Alipita, akazunguka mara mbili, akasimama kwa kugonga ukuta.

"Shule imefungwa!" akasema kwa furaha, anajikung'uta. "Basi limeshindwa kupanda. Hujasoma ujumbe? Na wewe mbona umekaa hapo kama kuku anayetaga?" Kisha akaziona ngazi. Akapiga mluzi. "Mama yangu! Nani kamtengenezea mzee kioo?"

Mairi akalitazama birika barabarani, akamtazama Ishbel.

"Siyo wewe. Sema siyo wewe. Maji ya moto? Ishbel! Hata mtoto wa chekechea anajua maji yanaganda!"

"Wewe ulijua?"

"Nimejua sasa hivi," Mairi akasema, wala hakuona haya.

Ishbel alitaka kucheka akashindwa. "Leo anakwenda kupasuliwa jicho. Gari linakuja saa tatu kasoro robo. Atashukaje?"

Wote wawili wakageuza macho kwenye kona, mahali lilipokaa kasha la njano. Lilikuwa kasha kubwa la plastiki, na ndani yake mlikuwa na chumvi ya barabara, ile ya kahawia iliyochanganyika na mchanga mkubwa. Ilikuwa mali ya kilima kizima, nyumba kumi na moja. Lilijazwa mara moja tu mwanzoni mwa baridi, na sasa ilibaki chini ya robo. Na kilima kilikuwa na sharti lake: chumvi ni ya barabara na kona, si ya ngazi za mtu. Sharti hilo lilikuja baada ya jirani mmoja kumwaga nusu ya kasha kwenye njia ya gari lake, na wiki iliyofuata gari la mikate likateleza kwenye kona iliyokosa chumvi likabomoa ukuta wa kanisa. Tangu hapo koleo lilikaa kwa Bibi Tulloch, na anayetaka chumvi aanzie mlangoni kwake.

"Tuchote kwa mikono," Mairi akanong'ona. "Giza hili nani atatuona?"

Ishbel aliwaza. Kofia mbili tu za chumvi zingetosha. Lakini akakumbuka ule ukuta wa kanisa, na yule jirani ambaye mpaka leo watu humsalimia kwa kidevu tu.

"Hapana. Tukaombe."

"Tukaombe? Mimi nilimvunjia kioo cha dirisha kwa tonge la theluji, simkaribii mpaka kiangazi. Nenda wewe."

"Mimi sijui kuongea naye."

"Wewe hujui kuongea na mtu yeyote," Mairi akasema. "Leo ni siku nzuri ya kuanza. Mimi nitakaa hapa nimzuie mzee asifungue mlango."

Ishbel alivuka barabara akishika ukuta. Mlangoni kwa Bibi Tulloch aliinua mkono, akaushusha. Akaona taa ya jikoni kwa Mzee Rattray ikiwaka: mzee alikuwa ameamka, labda anafunga tai. Akainua mkono tena, safari hii akagonga.

"Nani?" sauti ikatoka ndani kama msumeno.

"Ni mimi."

"Mimi tuko wengi duniani!"

"Ishbel. Wa... wa nyumba ya tano."

Mlango ukafunguka. Bibi Tulloch alikuwa mfupi, mpana, na kikombe cha chai mkononi. "Haya, ongea. Ongea kama mtu aliyekunywa uji."

Ishbel akaongea. Maneno yalitoka yamerundikana: ngazi, jicho, saa tatu kasoro robo, chumvi. Bibi Tulloch akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Jana usiku mvua haikunyesha. Ngazi za Rattray zimekuwaje kioo?"

Hapo ndipo pagumu palipokuwa. Angeweza kusema hajui.

"Nilimwaga maji ya moto," akasema. "Mabirika mawili. Nilitaka kusaidia."

Bibi Tulloch akafumba macho. "Mabirika mawili," akarudia. "Mungu wangu. Na mwenyewe anajua?"

"Hapana."

Ishbel akangoja kufokewa. Badala yake bibi yule aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akatoka na koleo, ndoo na fagio gumu. Alikuwa amevaa soksi za sufu juu ya viatu, si ndani, ili asiteleze. Mairi alipomwona anavuka barabara hatua kwa hatua, soksi nyekundu hizo, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Cheka," Bibi Tulloch akamwambia. "Nani kati yetu ana matope ya barafu matakoni? Shika fagio. Na kioo changu sijakisahau."

Ndani ya kasha chumvi ilikuwa imeshikana kama tofali. Bibi Tulloch akaipiga kwa koleo, pu, pu, mpaka ikamong'onyoka, wakajaza ndoo moja. Waliporudi kwenye ngazi, mlango wa juu ukafunguka. Mzee Rattray alisimama amevaa koti lake zuri, kofia mkononi, uso ameuelekeza kwenye sauti.

"Nani anapiga kasha?"

"Mimi," Bibi Tulloch akajibu. "Usitoke! Ngazi zako ni barafu tupu. Tunazimwagia chumvi."

"Hiyo ya kasha?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Irudishe."

Mzee Rattray alikuwa dereva wa lori la chumvi miaka thelathini na miwili. Kila barabara ya bonde lile aliinyunyizia yeye, usiku na mchana.

"Miaka yote ile," mzee akasema, "sikuwahi kuleta hata konzi moja kwenye mlango wangu. Chumvi ya watu ni ya njia ya watu. Sitaanza leo kwa sababu ya jicho."

"Utakosa zamu yako, Babu!" Ishbel akasema. Sauti ilimtoka kubwa mpaka akaishangaa mwenyewe.

"Nitangoja nyingine, mjukuu wangu. Kungoja nimekuzoea."

Bibi Tulloch akaishusha ndoo, akashika kiuno. "Sikiliza, Rattray. Ukianguka hapo ukavunja nyonga, watakuja watu sita na machela. Watu sita hao watapanda kilima hiki na kushuka nawe unapiga kelele. Nitalazimika kumwaga kasha zima kuanzia kona mpaka hapa. Basi chagua: ndoo moja sasa, au kasha zima baadaye. Wewe ndiye mtaalamu wa chumvi, nipigie hesabu."

Mairi alizuia kicheko kwa fagio.

"Na kitu kingine," Bibi Tulloch akaendelea. "Ngazi hizi anapita mleta barua, anapita muuguzi wako, anapita mtoto huyu kila jioni kukusomea. Njia ya watu ni ipi basi, kama si hii?"

Mzee Rattray akakuna kidevu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Wewe mwanamke ungekuwa wakili," akasema. "Haya. Lakini mtafanya ninavyosema. Kwanza vunjeni barafu kwa ncha ya koleo, mfagie vipande. Chumvi haiwekwi juu ya takataka."

Wakavunja, wakafagia. Kisha Ishbel akachota konzi akarusha.

"Nyingi mno!" mzee akasema kutoka juu.

"Umejuaje, Babu?"

"Nasikia. Ikilia *shaa*, umemwaga nyingi. Inatakiwa ilie kama mvua inayoanza kwenye bati. Rusha kama unalisha kuku, si kama unazika mtu."

Ishbel akachota kidogo, akafungua vidole, akarusha kwa kuzungusha mkono. Tik-tik-tik-tik.

"Eeh! Hiyo hapo. Na msingoje iyeyuke, baridi hii itachelewa. Mchanga wake ndio unaoshika kiatu."

Walipofika ngazi ya mwisho, taa za gari zilikuwa zimeshasimama chini ya kilima, na dereva akapiga honi mara moja, kwa adabu. Bibi Tulloch alitangulia barabarani akinyunyiza njia nyembamba kandokando ya ukuta. Ishbel akapanda, mzee akamwekea mkono begani, wakaanza kushuka. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye ngazi ya tisa kiatu cha mzee kiliteleza kidogo, Ishbel akakaza mwili mzima. Mchanga ukasaga, *krrr*, kiatu kikashika. Wakapumua wote wawili. Kumi. Kumi na moja.

Garini mzee alimshika mkono. "Barafu ile ni kazi ya mfereji wa paa langu," akasema. "Unavuja tangu mwaka jana, nami mvivu sikuutengeneza. Nilijua iko siku mfereji huo utanimwagia maji kwenye ngazi. Kama si wewe, leo ningekwisha. Asante, mjukuu wangu. Wewe ni mtoto mwema."

Ishbel alifungua mdomo.

"Mzee, saa imekwenda," dereva akasema, akafunga mlango. Gari likaondoka taratibu kwenye barabara iliyosafishwa, likapotea nyuma ya kanisa.

Kwenye ndoo ilibaki nusu. Waliirudisha kwenye kasha wote watatu, na Bibi Tulloch akafunga kifuniko.

"Hili sharti letu nimelilinda mimi," akasema, "na karibu nimsahau mtu ambaye liliwekwa kwa ajili yake. Cha wote si cha mwenye mikono mirefu, wala si cha kukaa ndani ya kasha kikitazamwa. Ni cha yule aliyebanwa zaidi siku hiyo. Ila kuna adabu yake: unaomba mchana kweupe, unatumia kidogo, unarudisha kinachobaki. Ninyi leo mmefanya hivyo. Wewe Mairi umefagia vizuri, kioo changu kimeshalipwa." Mairi akaruka juu, akateleza, akakaa chini.

Bibi Tulloch akamgeukia Ishbel, akapunguza sauti. "Na wewe, uliniambia ukweli bila kuvutwa ulimi. Lakini si mimi niliyekuwa nianguke. Mzee wa watu ameondoka anaulaumu mfereji wake. Hilo mimi sitamwambia. Lako hilo."

"Akinikasirikia?"

"Basi atakasirika. Kosa la mtu mwema ni kosa tu kama mengine, dawa yake ni kulitaja. Ukilinyamazia litaganda, kama yale maji yako."

Saa tisa mama yake Ishbel alirudi na mkate wa moto chini ya koti, na habari kutoka hospitali: upasuaji umekwenda vizuri, mzee amefungwa jicho, atalala huko siku moja. Ishbel alicheza jikoni mpaka mama akauliza kama shule imefungwa kwa mwezi mzima.

Jua lilipokuwa linazama, alikwenda kukaa dirishani na simu. Simu ya Mzee Rattray ilikuwa ile inayosoma ujumbe kwa sauti, kwa hiyo hakuhitaji macho kuupokea. Ishbel aliandika, akafuta, akaandika tena:

*Babu Rattray, ni Ishbel. Mfereji wako hauna kosa. Ni mimi niliyemwaga maji ya moto kwenye ngazi asubuhi, nilidhani barafu itakwisha. Ungeweza kuanguka kwa sababu yangu. Naomba unisamehe. Kesho nitakuwa ngazi ya chini nakungoja, na chumvi nimeshaomba.*

Akabonyeza. Alama ya kufika ikatokea.

Alingoja. Mama akamwita supu imeiva, akajibu anakuja, akangoja tena kidogo. Simu ilikaa kimya mkononi, joto kidogo, haisemi kitu. Ishbel akaiweka dirishani kioo kikitazama juu, akaenda kula, na supu ile aliimaliza yote.