Vyumba Viwili vya Dobi

Hakuwa na gari. Hakuwa na ndugu wa kumsimamia mambo. Hakuwa na elimu ya biashara, na zaidi ya yote, hakuwa na muda. Dobi alifua mashuka ya hospitali siku sita kwa wiki, tangu alfajiri hadi jioni. Alichokuwa nacho ni nyumba ya vyumba viwili, upande wa pili wa mji, aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka huu ndipo alipoipangisha.

Aliwaambia wapangaji kwa moyo mkunjufu, "Jisikieni nyumbani. Likitokea lolote, niiteni."

Wakamwita kweli. Taa ikiungua, simu. Kitasa kikikwama, simu. Dobi aliacha mashuka kwenye mashine, akapanda basi, akaenda kubadilisha taa kwa mkono wake. Mara ya tatu msimamizi wake alimwambia, "Ukitoka tena saa za kazi, usirudi."

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeishi mji mwingine. "Niuzie mimi hiyo nyumba. Nasikia wapangaji wanakusukuma kama mkokoteni. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi."

"Tuuze tu, baba," mkewe alisema. "Kazi ikipotea tutakula matofali?"

Jumapili Dobi alikwenda kwa jirani yao, Matroni, mama mstaafu aliyewahi kusimamia hosteli ya wanafunzi mia mbili.

"Mkataba wenu unasemaje?" Matroni aliuliza.

"Mkataba gani? Tulipeana mikono."

Matroni alicheka hadi akavua miwani. "Basi huna wapangaji, Dobi. Una wageni! Mgeni hata chumvi humwomba mwenyeji."

"Sasa nifanyeje?"

"Andika. Taa na kitasa ni juu ya mpangaji. Bomba, paa na nyaya ni juu yako. Lakini si lazima uende mwenyewe. Tafuta fundi mwaminifu anayekaa karibu nao, wampigie yeye."

"Akiniibia je?"

"Mwekee kikomo. Kazi ndogo afanye, akuletee risiti. Kubwa akuulize kwanza. Tenga fungu la fundi kila upokeapo kodi, kabla hujaigusa. Nawe kakague Jumapili moja kwa mwezi, baada ya kuwapa taarifa."

Dobi aliandika kila neno. Jumapili iliyofuata aliwapelekea wapangaji mkataba, nakala mbili mbili, pamoja na namba ya fundi aliyempata mtaani kwao.

"Mbona umekuwa mkali?" alilalamika mshonaji wa chumba cha mbele.

"Si ukali, dada. Soma hapa. Hata mimi siwezi kukutoa bila taarifa ya miezi miwili."

Mshonaji alisoma mara mbili, akaomba kalamu.

Jumatano moja Dobi alikunja mashuka kutwa nzima, simu kimya. Jioni fundi akampigia. "Bomba lilipasuka asubuhi. Nimeshalitengeneza. Risiti ninayo, mzee."

Dobi alikuwa amekaa kitandani, anatabasamu peke yake.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, mkewe mwenyewe alileta karatasi. Dobi akaandika, "Shemeji, salamu nyingi. Nyumba haiuzwi. Ukihitaji chumba, siku kikiwa wazi tutakutumia mkataba uusome kwanza."

"Hapo kwenye mkataba utamchoma," mkewe alisema, huku akicheka.

"Nifute?"

"Thubutu!" Akailamba bahasha, akaifunga, akabandika stempu, akaenda kuitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la posta.