Vipimo vya Mama Adam

Kila Jumamosi, kabla jua la Geita halijaanza kuchoma, Lusia alifagia kibaraza, akanyunyiza maji ili vumbi lisipande kwenye vitambaa, kisha akaifunua cherehani na kuipaka mafuta. Cherehani hiyo ilikuwa ya marehemu bibi yake, Bibi Melania. Harufu ya mafuta yale ilitosha kumrudisha Ibadakuli, kule Shinyanga, kwenye nyumba aliyozaliwa.

Kule Ibadakuli, mteja hakuja kwa Bibi Melania kushonewa tu. Alikuja kukaa. Alipewa chai na michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, akaulizwa habari za mvua, za ng'ombe na za mama mkwe, ndipo bibi akanyanyuka na futi yake ya kupimia shingoni. Alipima taratibu mno. Alimzungusha mtu, akamsogeza dirishani penye mwanga, akamwambia, "Mayu, mama yangu, umekonda. Kuna nini nyumbani?" Lusia alikaa chini ya meza ya kukatia, akiokota vipande vya vitambaa vya kumvalisha mwanasesere wake, huku akisikiliza. Hakuna mahali alipowahi kupapenda kama chini ya meza ile. Miaka ile ilikuwa mizuri, na Lusia hakujua kuwa ni mizuri mpaka ilipokwisha.

Bibi alipofariki, mama yake Lusia, Rhoda, aliihamishia cherehani Kalangalala, hapa Geita mjini, kwa sababu penye dhahabu watu hupenda kuvaa. Rhoda hakuwa na duka wala bosi. Alikodi kibaraza, akashona. Wateja walikuja wengi, na hapo ndipo tabu ilipoanza, maana mafundi cherehani tunawajua. Vipimo aliviandika juu ya boksi la nyuzi, ukutani, na siku nyingine kwenye kiganja chake mwenyewe. Akiosha vyombo, kiuno cha mtu kimeenda na maji. Kisha anakuja mteja kuchukua gauni la harusi, anaambiwa aje kesho. Kesho anaambiwa hivyo hivyo, na harusi inapita.

Aliyewaokoa ni Sostenes, mtoto wa mjomba wake Lusia, aliyekuwa akisoma mambo ya kompyuta chuoni Mwanza. Likizo moja alikuja kukaa kwao. Alimtazama shangazi yake anavyohangaika, akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, nitakutengenezea programu ya simu," alisema. "Kila mteja atakuwa na ukurasa wake: jina, vipimo, picha ya kitambaa na siku ya kuchukua nguo. Ikikufaa wewe, mafundi wengine nao wataitumia."

Lusia, aliyekuwa darasa la sita, alipewa kazi ya kubuni sura za kurasa hizo. Alizichora kwanza nyuma ya kalenda za zamani, Sostenes akazihamishia kwenye simu. Kwenye ukurasa wa kwanza alichora cherehani ya bibi. Walibishana sana. Sostenes alitaka rangi nyingi, Lusia akataka chache. Lusia alichora vitufe vidogo vya kupendeza, Sostenes akamwambia fundi aliyeshika mkasi hawezi kubonyeza vitu vidogo kama punje za mtama. Mwishowe programu ikakamilika. Simu ikawa inalia siku ya kuchukua nguo inapokaribia, na "njoo kesho" zikapungua. Mafundi wa vibaraza vya jirani wakaanza kuiulizia. Lusia alivimba kichwa. Kila rafiki aliyepita pale alionyeshwa kazi yake, apende asipende.

Mmoja wa wateja wao wa siku nyingi aliitwa Mama Adam. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Mwakitolyo, na nyumbani alionekana mara chache. Mama Adam alikuwa amefiwa na mama yake si muda mrefu. Siku moja alikuja na kitenge alichoachiwa na marehemu, cha kahawia chenye ndege wa manjano. Mama yake alikinunua mwaka ambao pamba ililipa vizuri, akakiweka sandukuni akingoja siku ya kukishona. Siku hiyo haikufika.

"Nataka kukivaa kwenye misa ya kumkumbuka," alisema Mama Adam. "Ni Jumapili ya wiki ijayo."

Rhoda alikipapasa kitambaa kwa heshima. "Nakipokea kwa mikono miwili. Njoo Jumamosi hii nikupime."

Jumamosi ilipofika, Rhoda akagundua kuwa hana uzi wa kahawia unaolingana na kitenge kile. Akajitanda khanga aende sokoni.

"Mama Adam akija kabla sijarudi, mpime wewe," alimwambia Lusia. "Mpime upya, mwili wote. Kitenge hiki tukikiharibu, hatuna pa kupata kingine."

"Sawa, mama."

Lusia alijua kupima. Alifundishwa tangu akiwa mdogo. Lakini mama yake alipotoka tu, rafiki yake Nelly akaja kuiona programu, na wawili hao wakainamia simu wakicheka. Hapo ndipo Mama Adam alipobisha hodi.

"Karibu. Shikamoo, Mama Adam."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Ameenda sokoni. Ila vipimo vyako vimo humu, tulikupima kabla ya Pasaka." Lusia akamgeuzia kioo cha simu kwa mbwembwe, Nelly apate kuona. "Huna haja hata ya kusimama."

Mama Adam alikuwa ameshaishusha khanga mabegani. Akasita. "Kwa hiyo hunipimi?"

"Siku hizi hatusumbui wateja."

Mama Adam alifungua mdomo kutaka kusema neno. Akamtazama Nelly, akaufunga. "Haya, mwanangu," alisema, akajifunika khanga yake na kuondoka polepole.

Rhoda aliporudi na uzi, swali lake la kwanza lilikuwa hilo. "Mama Adam alikuja? Ulimpima?"

Jibu la kweli lilikuwa na karipio nyuma yake. Jibu la uongo lilikuwa fupi tu.

"Nilimpima, mama."

"Hebu nione."

Uongo ukadai mwenzake. Kwenye ukurasa wa Mama Adam palikuwa na tarehe ya kabla ya Pasaka. Lusia akajifanya anautafuta ukurasa, akaifuta tarehe ile na kuandika ya siku hiyo, kisha akampa mama yake simu. Rhoda akasoma, akatandika kitenge mezani, akachora kwa chaki na kuchukua mkasi. Lusia aliusikia ukila kitambaa. Bado angeweza kusema. Hakusema.

Alhamisi Mama Adam alikuja kujaribu gauni, akifuatana na wifi yake, Ritha, mwanamke asiyejua kunong'ona. Mama Adam akaingia nyuma ya pazia. Wakangoja. Alipotoka, gauni lilikuwa wazi mgongoni, na zipu imegoma kupanda.

"Jamani!" Ritha akapiga makofi. "Kitenge kizima kimetoa gauni la mtoto? Au nusu ameshashonewa mwingine? Nyie mafundi, nyie!"

Mama Adam alikuwa ameshika ndege wa manjano kifuani, na machozi yanamtiririka. Rhoda alichukua futi, akalipima gauni, akatazama simu. Gauni lililingana na vipimo sawasawa. Mkasi haukukosea. Akamtazama Lusia mara moja tu, na Lusia akajua kuwa mama yake amejua.

"Nimekosea kukata," alisema Rhoda. "Kosa ni langu, Mama Adam. Nisamehe."

Lusia alitegemea kugombezwa, hata kuchapwa. Hakutegemea hili. Mama yake, anayewarudishia wateja hata kipande kidogo cha kitambaa, alikuwa amesimama anaitwa mwizi, na amekubali kubeba lawama ili mtoto wake asiaibike mbele ya wageni.

"Si kosa la mama!" alisema, na kilio kikamtoka. "Ni mimi. Sikumpima Mama Adam. Niliacha vipimo vya zamani, nikabadilisha tarehe, nikamdanganya mama."

Ritha aliguna. "Kumbe!" Alitaka kuendelea, lakini Mama Adam alimwinulia mkono, naye akanyamaza, jambo ambalo si la kila siku.

"Umefanya vizuri kusema," alisema Rhoda, bila kutabasamu. "Tutazungumza baadaye." Akamchukua Mama Adam nyuma ya pazia na kumpima mwenyewe. Walikaa humo muda mrefu. Kisukuma cha chini chini kilisikika, kisha mtu akivuta kamasi, kisha kicheko kidogo.

Mama Adam alikuwa mjamzito. Wanawake wengi wa huku hawatangazi jambo hilo. Huliacha lijionyeshe lenyewe. Angewezaje kulisema mbele ya wasichana wawili wanaochezea simu? Futi ndiyo ingemsemea, na fundi angeongeza kitambaa bila kuuliza.

Rhoda akafungua mfuko, akatoa mabaki yote ya kitenge kile na kuyatandaza mezani. Ritha akayatazama, kisha akageukia barabarani ghafla kama aliyeitwa. Mabaki yalitosha kuongeza vipande virefu ubavuni, huku na huku, na kupanua mgongo. Lakini kwanza ilibidi kufumua, na kazi hiyo alipewa Lusia. Alifumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, bila kuchana uzi hata mmoja wa kitenge, mpaka vidole vikamuuma. Nelly alipita kumwita wakacheze. Lusia akatikisa kichwa.

Sostenes, aliyekuwa kwao tena kwa likizo, aliposikia habari hizo alitaka kuifuta programu yote. "Imetuaibisha, shangazi."

"Usiifute," alisema Rhoda. "Simu haikusema uongo. Iliambiwa uongo, ikautunza. Wewe itengeneze ili mvivu asipate pa kujificha."

Wakakaa tena na kalenda zao. Safari hii kila kitambaa kipya kilipoingizwa, ukurasa wa vipimo ulifunguka mtupu. Vipimo vya zamani viliwekwa pembeni, vya kutazama tu, na tarehe haikuweza kubadilishwa na mtu yeyote, hata aliyeibuni programu. Lusia mwenyewe ndiye aliyependekeza hilo la tarehe.

Jumamosi Mama Adam alikuja kuchukua gauni. Lilimkaa vizuri, na nafasi ya kupumulia ilikuwepo. Vipande vya ubavuni vilionekana kama mtindo uliokusudiwa. Aligeuka mara mbili mbele ya kioo, akawapapasa wale ndege, akamtaja mama yake kwa sauti ndogo. Kisha akamwita Lusia.

"Unajua, mwanangu, Jumamosi ile sikuja kwa ajili ya gauni tu. Tangu nimzike mama, hakuna mtu aliyenishika mabega akaniuliza kama nimekonda au nimenenepa. Baba Adam yuko mashimoni. Nikasema, leo fundi atanipima, ataona, nitalia kidogo, nitarudi nyumbani mwepesi. Ukanionyesha simu."

Lusia aliinamisha kichwa. Kitenge alikuwa amekililia tangu Alhamisi, lakini hili hakulijua.

Rhoda aliweka chini pasi yake ya mkaa. "Sikiliza, Lusia. Umebuni kitu kizuri, na najivunia. Lakini ulidhani uongo wako ulikuwa wa namba. Haukuwa wa namba. Ulisema umemtazama mtu, na hukumtazama. Namba tungeweza kuandika upya, na kitambaa tumekiunga. Ila mtu aliyekuja kutazamwa akaondoka hivyo hivyo, huyo ndiye uliyemdhulumu. Kazi yoyote utakayofanya ukubwani, ya simu, ya sindano au ya kalamu, usiseme umefanya kama hujafanya."

"Sitarudia, mama."

"Usiniambie mimi."

Lusia akapiga magoti mbele ya Mama Adam, akamtazama usoni. Macho yake yalikuwa na uchovu, na chini yake palikuwa na weusi ambao Jumamosi ile bila shaka ulikuwepo vilevile.

"Nisamehe, Mama Adam," alisema. Halafu akauliza, "Unaendeleaje?"

Mama Adam akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza.