Niambie Nibaki

Jioni ile nilitoka na kidumu changu kwenda kuchukua maji, jua likiwa limebaki upana wa kiganja juu ya mapaa. Mlangoni nilimgeukia kaka yangu.

"Funga komeo. Na kufuli. Usingoje nirudi."

"Nenda, utachelewa foleni," alijibu bila kuniangalia.

Alikuwa amempakata mwanangu, anampepea kwa kipande cha boksi. Mtoto alikuwa anaharisha tangu juzi, midomo imempasuka kama tope la bwawa lililokauka. Mama yetu alikaa kwenye kona yake nyuma ya pazia. Mgao wake wa asubuhi alikuwa ameshamnywesha mjukuu, wote.

Tulikuwa tunafunga milango kwa sababu ya mwitaji.

Alianza kupita mitaani kwetu msimu ule. Hupita magharibi, kabla giza halijaingia vizuri. Kwanza inakuja harufu ya udongo uliolowa, harufu ambayo mimi niliijua kwa kusimuliwa tu, maana mvua ya mwisho ilinyesha nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kisha inakuja sauti. Inaita wazee peke yao, tena vile watoto wao walivyokuwa wakiwaita. Mzee akiitika, basi. Anatoka, na hatumwoni tena. Asubuhi tangi la nyumba ile limejaa maji hadi mdomoni.

Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema ni wale ambao hawajazaliwa, wamekuja kuchukua chao. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba jirani yetu, fundi cherehani, alipopotelewa na mama yake tulikwenda kumpa pole, na macho yetu yote yalikuwa kwenye kamba yake ya nguo. Alikuwa amefua. Wakati ule nani alikuwa anafua?

Ukuta wa kituo cha maji uliandikwa kwa rangi nyekundu: WALIOKULA WASUBIRI. Ndivyo tulivyowaita wazee, walaji. Walikula misitu, wakala mito, sisi wakatubakishia vumbi. Mama yangu alikuwa mlaji hasa, ujana wake wote aliuza makaa. Hilo neno nililisema mbele yake zaidi ya mara moja, kana kwamba ada yangu ya shule ilidondoka kutoka mbinguni.

Mgawaji alijaza kidumu nusu, akafunga bomba.

"Na ya mama?" niliuliza.

"Walaji wamefutwa kuanzia leo." Alisema taratibu, kama anayetoa pole. "Pisha, dada. Wenzako wanangoja."

Nikashika njia ya nyumbani. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya gereji nilipoisikia.

Harufu.

Udongo uliolowa... mzito, wa baridi, unaingia puani kama kitu cha kunywa. Nyumbani hapakuwa mbali. Ningekimbia, ningefika kabla yake. Kidumu hakikuwa kizito.

Nilipunguza mwendo.

Sitasema nilichoka. Miguu ilikuwa mizima. Nilisimama hata nikavifunga upya viatu ambavyo havikuwa vimefunguka.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi. Kaka alikaa kizingitini, kufuli mkononi, mtoto amelala begani kwake. Tulielewana vile wezi wanavyoelewana.

Mama alisimama uani, anajifunga mtandio.

"Maa..."

Ilitoka mwisho wa uchochoro. Ilikuwa sauti yangu. Sauti yangu ya utotoni, na ule mtindo wangu wa kuliburuta neno nilipomwona anarudi sokoni, uso mweusi kwa vumbi la makaa.

Mama alinitazama mdomo. Haukuwa umecheza.

"Si wewe," alinong'ona.

"Si mimi, mama."

"Maa... njoo."

Alinisogelea, akaniwekea kiganja shavuni. Kilikuwa kikavu kama gome la mti.

"Mwanangu. Niambie nibaki, nami nitabaki."

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu mtoto alilia usingizini, kilio kisicho na machozi. Nikakitazama kidumu. Nusu.

Sikusema kitu.

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei akaikubali. Akageukia uchochoro na kuitika. Hakuitika kama mzazi anavyomwitikia mtoto wake. Aliitika kama binti anayeitwa na mkubwa.

"Abee. Nakuja. Usinigombeze."

Kule mwisho, penye kivuli, palisimama kitu kifupi, kimo cha mtoto wa kuanza shule. Sikuona uso. Niliona mkono ukinyooshwa, unachuruzika maji. Mama akaushika. Wakakata kona. Nilisikia nyayo zake tu, chap... chap... kama mtu anayekanyaga madimbwi, na barabara ile ilikuwa vumbi tupu.

Hapo ndipo kaka alipofunga mlango.

Kulipokucha tangi lilikuwa limejaa. Ningependa kusema maji yale yalikuwa machungu. Yalikuwa matamu. Niliyanywa mpaka tumbo likaniuma, nikarudia. Mtoto alipona. Majirani walipokuja tuliwaambia mama katoroka, nao wakatupa pole huku wakichungulia tangi juu ya bati.

Fundi cherehani alikuja wa mwisho. Yeye hakutoa pole. Alikaa karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Alikuomba umwambie abaki?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wangu pia."

Kisha akanionyesha kwa kidevu nyumba ya mbele, ambako mzee mmoja alikuwa anafagia ua wake polepole.

"Yule huitwa karibu kila jioni. Wajukuu humwambia, babu, kaa. Basi anakaa. Ni hilo tu."

"Lakini hawana maji," nilisema.

"Hawana."

Aliondoka bila kuaga, na hatujawahi kulizungumza tena.

Miaka imepita. Maji yale yalikwisha zamani. Kaka alihama, tukionana tunasalimiana kama watu wa mbali. Mwanangu sasa ni binti mkubwa, na yale maneno ya ukutani wanayaimba shuleni kwao. Juzi mgawaji alinitoa kwenye foleni. Mpaka umesogezwa, aliniambia. Mlaji sasa ni kila aliyezaliwa mvua ikiwa bado inanyesha. Hata aliyekuwa mgongoni.

Jana jua likizama tulikuwa tumekaa uani. Mwanangu alinyanyua pua.

"Mama, hii harufu ya nini?"

"Ya udongo," nilimwambia. "Ingia ndani. Kunywa yaliyobaki."

Hakuingia. Alisimama mlangoni ananitazama, anasubiri niseme neno. Nilimgeuzia mgongo, nisije nikamwomba.